Pete ya chachu haikati ukuta: jibu kwa mwalimu wa baiolojia

*"Shikamoo Daktari. Ninafundisha baiolojia kidato cha tano na sita huku Mbagala. Wiki iliyopita tulikoroga hamira ya dukani kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari, tukaitazama kwa hadubini. Wanafunzi waliona vizuri seli zenye machipukizi. Nikawaeleza kama nilivyosoma: kwamba shingoni, kati ya seli mama na chipukizi, kuna pete ya protini inayojikaza kama kamba ya mfuko mpaka inazikata zikawa mbili. Kijana mmoja akanyoosha mkono: 'Mwalimu, ulitufundisha kwamba chachu ina ukuta mgumu. Sasa pete ya protini inakataje ukuta?' Sikuwa na jibu. Mwenzake alikuwa ameona seli nne tano zimeshikamana, akauliza kama hizo zimeshindwa kugawanyika na hamira ni mbovu. Halafu binti mmoja, ambaye shangazi yake anatibiwa saratani, akauliza kwa sauti ya chini kama saratani huanza pete hizo zikiharibika. Niliwaambia nitarudi na majibu. Naomba unisaidie, hasa kwa hilo la mwisho. Sitaki kumwambia mtoto jambo lisilo sahihi."*

Marahaba, Mwalimu. Umefanya vizuri kutomnyamazisha kijana yule, kwa sababu yuko sahihi. Pete ya protini haikati ukuta wa chachu. Haina makali wala nguvu za kufanya hivyo. Chachu hugawanyika kwa kujenga ukuta mpya kati ya seli mama na seli binti, kisha kuyeyusha tabaka moja la ukuta huo. Pete inaonyesha mahali pa kujenga, inawaita wajenzi, na inawaongoza wasiende kombo.

Mfano wa kamba ya mfuko haukutungwa ovyo. Umetoka kwenye seli za wanyama, ambazo zina utando laini tu bila ukuta. Kule pete ya aktini na mayosini, jamii ileile ya protini zinazokunja misuli yetu, hushika utando kwa ndani na kuuminya mpaka kiuno cha seli kinakuwa chembamba kabisa. Maelezo mengi huuchukua mfano huo na kuupachika kwenye chachu bila kusema kwamba chachu inakabiliwa na jambo ambalo seli ya mnyama haikabili kwa kiwango hicho. Ndani ya chachu kuna shinikizo kubwa la maji linalousukuma utando kwenda nje. Katika aina moja ya chachu iliyopimwa vizuri, shinikizo hilo limekadiriwa kuwa karibu megapaskali 1, yaani mara nne au zaidi ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Pete nyembamba haiwezi peke yake kuvuta utando dhidi ya msukumo huo. Lazima kuwe na kitu kinachosukuma kutoka nje kuja ndani, na kitu chenyewe ni ukuta unapojengwa.

Kuna kosa la pili ambalo nimelikuta hata kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Tunasema "pete" kana kwamba ni moja, kumbe ni mbili tofauti, za protini tofauti, na zinafanya kazi tofauti. Ukizichanganya, hakuna maelezo yatakayokaa sawa.

Pete ya kwanza ni ya septini. Habari yake ilianza kwa mtu aliyekuwa anatafuta kitu kipana zaidi. Leland Hartwell, akiwa Seattle nchini Marekani, alikusanya chachu zenye jeni zilizobadilika, ambazo zinaishi vizuri kwenye ubaridi kiasi lakini zinakwama zikipelekwa kwenye joto la karibu nyuzi 36. Alitaka kujua kila jeni inahusika na hatua gani ya mgawanyiko. Mwaka 1971 alieleza kundi moja la jeni ambalo likiharibika, seli inaendelea kutoa machipukizi, viini vinaendelea kugawanyika, ila seli hazitengani. Machipukizi yanarefuka kama vidole na seli moja inakuwa na viini vingi. Jeni hizo ndizo CDC3, CDC10, CDC11 na CDC12. Mwaka 1976 Breck Byers na Loretta Goetsch waliziangalia chachu za kawaida kwa hadubini ya elektroni, wakaona nyuzi zenye unene wa nanomita 10 hivi zimezunguka shingo ya chipukizi upande wa ndani wa utando. Kwenye zile chachu za Hartwell, zikishapashwa joto, nyuzi hizo hazikuonekana. Jina septini lilikuja baadaye, kutoka kwenye maabara ya John Pringle, kwa kufuata neno la Kilatini lenye maana ya ukuta unaotenganisha. Hartwell alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2001, pamoja na Paul Nurse na Tim Hunt, kwa kazi yao juu ya mzunguko wa seli.

Protini hizo nne hushikana kwa mpangilio usiobadilika: Cdc11, Cdc12, Cdc3, Cdc10, kisha zinarudia kinyume, Cdc10, Cdc3, Cdc12, Cdc11. Vipande vinane, kijiti kimoja chenye urefu wa nanomita 32 hivi. Vijiti huungana ncha kwa ncha vikawa nyuzi, nazo nyuzi zinalala chini ya utando zikawa pete. Nakuomba uwachoree wanafunzi mpangilio huu ubaoni. Wakiona kwamba kijiti kinafanana ncha zote mbili, wataelewa wenyewe kwa nini kinaweza kuungana na kingine upande wowote, na kwamba pete inajengwa na vitu vidogo vinavyotoshana, bila mtu wa kuvipanga.

Sasa tufuate seli moja ya hamira yako kuanzia mwanzo. Kabla chipukizi halijatokeza, protini iitwayo Cdc42 inajikusanya sehemu moja ya utando na kuipa alama: hapa ndipo tutakapochipua. Septini zinafuata alama hiyo, zinajipanga kuwa pete. Chipukizi linatokeza katikati ya pete, kama mkono unavyopita kwenye bangili. Linavyokua, pete inabaki palepale shingoni na kupanuka kuwa kola yenye umbo la kinu kilichobanwa katikati. Hapo inakaa karibu muda wote wa kazi. Kumbuka kwamba seli ya chachu yenye chakula cha kutosha, kwenye joto la nyuzi 30, inajizidisha kwa takriban dakika 90 tu, kwa hiyo haya yote yanapita ndani ya saa moja na nusu hivi.

Kola hiyo haijikazi hata kidogo. Kazi yake ni kuwa jukwaa. Protini nyingi za mgawanyiko hujishikiza hapo, na mojawapo ni mayosini itakayotengeneza pete ya pili. Nyingine ni za ukaguzi: zinahakikisha kwamba chipukizi limeshajengeka kabla seli haijaruhusiwa kugawa kiini chake. Pasipo kola, kizuizi kinachoitwa Swe1 hakiondolewi kwa wakati na seli inasita. Mimi naona hili ni jambo la ajabu kweli. Pete inayoonekana kama kifungo cha shingoni pia ni mahali ambapo seli inajikagua kama iko tayari.

Kiini kikishagawanyika, nusu moja kwa mama na nusu kwa binti, mambo yanakwenda haraka. Kola inagawanyika ikawa pete mbili za septini, moja upande wa mama, moja upande wa binti. Katikati yake pete ya pili, ya aktini na mayosini, inaanza kusinyaa. Wakati huohuo kimeng'enya kiitwacho Chs2 kinafika shingoni na kuanza kumwaga kaitini, dutu ileile iliyomo kwenye magamba ya kamba na kaa wanaouzwa pale Feri. Pete inasinyaa kidogo, ukuta wa kaitini unasogea nyuma yake, pete inasinyaa tena, ukuta unafuata. Baada ya dakika chache tundu linazibika. Halafu mama na binti, kila mmoja upande wake, anapaka tabaka jingine nene juu ya ule ukuta mwembamba wa katikati. Sasa ziko kuta tatu zilizobanana kama mkate wenye siagi katikati.

Wanafunzi wakifika hapa waulize: nani anafungua? Jibu ni binti. Protini moja iitwayo Ace2 inaingia kwenye kiini cha seli binti peke yake na kuwasha jeni za vimeng'enya vya kuyeyusha, kikiwemo Cts1 kinachokula kaitini. Tabaka la katikati linayeyushwa kutoka upande wa binti, naye anajitenga. Sehemu kubwa ya kaitini inabaki kwa mama kama kovu la mviringo. Kila mtoto anaacha kovu lake, na mama mmoja kwa kawaida huzaa mara 20 hadi 30 hivi kabla hajachoka na kufa. Hiyo haina maana kwamba hamira yako itazeeka yote. Katika chachu inayokua vizuri karibu nusu ya seli ni mabinti wasio na kovu lolote, na robo wana kovu moja.

Nirudi kwenye swali la kijana, kwa sababu bado anaweza kuniambia: "Daktari, umesema pete inasinyaa na ukuta unafuata. Nani anamvuta nani?" Ushahidi mzuri umetoka kwenye chachu nyingine, na hiyo ina jina letu. Mwaka 1893 Paul Lindner, Mjerumani, aliielezea chachu aliyoipata kwenye pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akaiita *Schizosaccharomyces pombe*. Neno la Kiswahili limekaa kwenye maabara za Edinburgh, London, New York na Tokyo, na wengi wanaolitamka kila siku hawajui limetoka wapi. Waambie wanafunzi wako. Paul Nurse alifanya kazi iliyompa Nobeli kwa chachu hiyo hiyo.

Chachu ya pombe haichipui. Ina umbo la kidonge kirefu, inakua kwa urefu mpaka mikromita 14 hivi, kisha inajigawa katikati kama fimbo inayokatwa nusu. Protini Mid1 inatoka kwenye kiini na kuacha vifundo vingi kwenye utando wa katikati, na vifundo hivyo vinakamatana na kuvutana kwa nyuzi za aktini mpaka vinakuwa pete moja. Huku ncha mbili za seli zina protini nyingine, Pom1, inayozuia vifundo visijengwe mwishoni. Septini zipo pia, lakini zinachelewa kufika na chachu hii inaweza kuishi bila hizo. Ina maana pete ya septini, ambayo kwa hamira ni ya lazima, kwa ndugu yake ni ya kusaidia tu kutengana mwishoni. Usifundishe kamwe kwamba chachu zote zinafanya vilevile.

Kwenye chachu hiyo watafiti walisubiri pete ianze kusinyaa na ukuta uanze kujengwa, kisha wakaivunja pete kwa dawa. Ukuta uliendelea kujifunga wenyewe. Ila umbo lake halikuwa la mviringo mzuri tena. Na kwa upande wa hamira, mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba seli zilizoondolewa kabisa jeni ya mayosini ya pete, MYO1, zinaweza kuishi na kugawanyika, ingawa kwa shida na kwa kuta zilizovurugika.

Ukipita kwenye nyumba inayojengwa, kwa mfano zile za kule Chamazi, utaona fundi amevuta kamba kutoka kona hadi kona kabla ya kupanga tofali. Kamba haibebi tofali hata moja. Lakini ikikatika ukuta unapinda. Tumia mfano huo badala ya kamba ya mfuko. Una upungufu mmoja ambao ni haki wanafunzi waujue: kamba ya fundi imetulia, wakati pete ya aktini inasogea ndani pamoja na ukuta, na inavuta kiasi, hasa mwanzoni. Ukisema "pete inaongoza, ukuta unasukuma", hujakosea.

Kuna jambo moja ambalo bado lina ubishi, na ningependa usilifundishe kama hakika. Maandishi mengi yanasema zile pete mbili za septini zinakuwa kama mabati yaliyozungushiwa eneo la ujenzi, zinazuia vifaa visitawanyike. Majaribio ya baadaye yameonyesha kwamba hamira inaweza kumaliza mgawanyiko hata pete hizo mbili zikikosekana katika hatua hiyo ya mwisho. Uzio upo, ila umuhimu wake kwenye kujenga ukuta unajadiliwa.

Kuhusu seli zilizoshikamana, hamira yako si mbovu kwa dalili hiyo peke yake. Mara nyingi ni mambo ya kawaida tu: hamira kavu haijaloa vizuri, au seli zinakua haraka kiasi kwamba binti anaanza kuchipua kabla hajamaliza kujitenga na mama. Kuna pia chachu zinazogandana kwa protini za juu ya ukuta zinazohitaji madini ya kalsiamu, na hizo zilikwisha kutengana kabisa, zimerudi tu kushikana. Namna ya kutofautisha ni rahisi. Zioshe mara mbili kwa maji yaliyotoneshwa, ambayo hayana kalsiamu, tikisa, tazama tena. Kama maabara ya shule ina EDTA, kemikali inayokamata kalsiamu, tone dogo litafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Zikiachana, zilikuwa zimegandana tu. Zikibaki zimeshikana shingoni, bado hazijatengana. Ubovu wa hamira upime kwa rangi ya methilini ya bluu: seli iliyokufa inabaki na rangi ya bluu, iliyo hai inaiondoa na kuonekana nyeupe. Na kwa joto la Dar es Salaam huna haja ya kifaa cha kutunza joto. Weka glasi mezani, hesabuni seli zenye machipukizi mwanzoni, kisha kila nusu saa kwa saa mbili. Hamira kavu inachelewa kuamka, kwa hiyo msikate tamaa mapema.

Sasa binti na shangazi yake. Swali hili lijibu ukiwa umekaa naye pembeni, si mbele ya darasa.

Ni kweli kwamba binadamu tuna septini. Tuna jeni 13 za jamii hiyo. (Zamani ziliitwa SEPT1, SEPT2 na kuendelea, mpaka programu za majedwali za kompyuta zikawa zinazigeuza kuwa tarehe za Septemba na kuharibu data za watafiti. Baadaye zikabadilishwa rasmi kuwa SEPTIN1, SEPTIN2.) Kwetu zinasaidia seli kugawanyika, lakini pia ziko kwenye neva, kwenye mkia wa mbegu ya kiume, na huwazingira baadhi ya bakteria wakiingia ndani ya seli kana kwamba zimewafungia tunduni. Ni kweli pia kwamba seli ikishindwa kutengana inabaki na kromosomu maradufu, na hali hiyo inaweza kuwa hatua mojawapo kuelekea saratani. Na kuna kipimo cha damu cha saratani ya utumbo mpana, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2016, kinachotafuta alama ya kikemikali kwenye DNA ya jeni ya SEPTIN9.

Lakini alama si lazima iwe chanzo. Saratani kwa kawaida hutokana na mabadiliko kadhaa yanayojilimbikiza kwenye jeni tofauti, na hakuna mtu anayeweza kumwambia binti huyo kwamba ugonjwa wa shangazi yake ulianza kwa pete kuharibika. Mwambie pia, maana nadhani ndiyo hofu iliyo chini ya swali, kwamba kula mkate au maandazi ya hamira hakumpi mtu saratani. Maswali kuhusu shangazi mwenyewe, ni aina gani, inatibiwaje, je, ndugu wapimwe, yapelekwe kwa madaktari wanaomtibu, na familia ina haki ya kuyauliza pale pale kliniki. Kama bado hajafika kwa wataalamu wa saratani, wazazi waombe rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road. Na kama binti mwenyewe ana dalili yoyote inayomtia wasiwasi, hilo ni la hospitali, wala mimi na wewe tusijaribu kulijibu kwa maandishi.

Wanafunzi wakitaka kuyaona makovu ya mama kwa macho yao, hadubini ya shule haitatosha. Yanahitaji rangi inayong'ara juu ya kaitini na hadubini yenye mwanga maalumu. Tafadhali usijaribu kubuni mwanga huo kwa taa ya kukagulia noti bandia. Hutaona kovu, na macho ya watoto yatakuwa hatarini. Mwombe mkuu wa shule aandike barua ya ziara kwenye maabara za chuo kikuu pale Mlimani, mje na hamira ileile mliyoitumia, ikiwa kavu kwenye pakiti yake. Tukiiloweka asubuhi, kabla ya saa sita mchana mtakuwa mnahesabu makovu. Yule kijana aliyenyoosha mkono awe wa kwanza kutazama.